Mlinzi Aliyekataa Kufungua

Paukwa! Pakawa! Hadithi ya leo inatoka Mwihoko, ukishapita Githurai, ambako nyumba mpya huchipuka kila kukicha na malori ya mawe ya Ndarugo hayakatiki barabarani.

Palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati, simiti: kila kilichouzwa kiliandikwa kwenye seva ndogo iliyokaa chini ya kaunta, ndani ya hifadhidata iliyosimamiwa na programu ya MySQL. Kwa kawaida MySQL huweka data yake katika saraka ya /var/lib/mysql. Siku zikapita, diski ikajaa. Mwenye duka akanunua diski mpya, akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akaja na mpwa wake, msichana aliyemwita fundi huyo Anti.

Wakaizima MySQL, wakanakili data hadi /data/mysql kwenye diski mpya, wakabadilisha mipangilio ili programu ijue makao yake mapya. Wakaiwasha. Ikagoma! Ujumbe ukasema ruhusa imekataliwa.

Msichana akakagua faili moja baada ya nyingine. Mmiliki alikuwa mysql, haki ya kusoma na kuandika ilikuwepo.

"Anti, mbona inakataa na kila kitu kiko sawa?"

"Umekagua mmiliki na haki zake tu, mwanangu. Bado kuna mlinzi. Mfikirie soja wa getini kwenu: hata kama una ufunguo wa nyumba, gari lisilo na stika halipiti."

Mlinzi huyo anaitwa SELinux. Alianza kutengenezwa na shirika la usalama la Marekani, NSA, lililomtoa hadharani mwaka 2000. Kufikia 2003 alikuwa ameingizwa katika kiini chenyewe cha Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo. Kazi yake ni kutazama lebo. Kila programu ina lebo, kila faili ina lebo, na sheria zinasema lebo ipi iguse ipi. Isiyotajwa na sheria hukataliwa, hata mwenye faili akiwa ameruhusu.

Mwenye duka alikuwa na haraka. "Madam, wateja wananingoja. Si umzime tu huyo mlinzi?"

"Hapana, mzee. Siku mwizi akiingia kupitia hifadhidata hii, mlinzi huyu ndiye atakayemzuia asifikie vitu vingine kwenye mashine. Tumuulize kwanza kinachomkera."

Kwa kawaida SELinux hakatai kimyakimya, huandika. Anti akachapa ausearch -m avc -ts recent, na mstari ukajitokeza. "Soma hapa," akasema. Neno denied lilionyesha kuwa kuna kilichozuiwa. Baada ya scontext palikuwa na lebo ya aliyeomba: mysqld_t, yaani MySQL. Baada ya tcontext palikuwa na lebo ya kilichoombwa: unlabeled_t, ambayo mlinzi hukipa kitu kisichobandikwa lebo yoyote.

Msichana akachapa ls -Z kwenye saraka zote mbili. Ya zamani ilikuwa na lebo ya mysqld_db_t. Mpya haikuwa nayo.

"Nimeelewa, Anti! Faili tulizonakili zimechukua hali ya mahali zilipofikia. Diski ilikuwa mpya, haina lebo."

"Barabara! Sasa tuiandike sheria."

Wakachapa:

semanage fcontext -a -t mysqld_db_t "/data/mysql(/.*)?"
restorecon -Rv /data

Amri ya kwanza inaandika katika kitabu cha mlinzi kwamba saraka hiyo na vyote vilivyomo ni vya hifadhidata. Ya pili inabandika lebo kwenye faili zenyewe. Ipo pia amri ya chcon, inayobandika lebo bila kuandika sheria. Siku faili za mashine zikibandikwa lebo upya, kazi hiyo hufutika na tatizo hurudi.

Wakaiwasha MySQL. Ikaamka, na mauzo yote yakawepo.

Nanyi wasomaji wangu, mtakutana na mashine nyingi zitakazowaambia hapana. Wengi watawashauri mzime ulinzi ili kazi iende. Msikubali haraka. Data ya duka ni jasho la mtu, na humo mna majina na namba za simu za wateja waliomwamini. Tafuteni maandishi ya mlinzi, muone ni nani aliyeomba, aliomba kufanya nini na kwa kitu gani. Mkishajua hayo matatu, rekebisheni kilichokosewa, na mlinzi abaki kazini.