Sigara ya kielektroniki ndani ya gari lenye watoto

Mama au mlezi, huenda umeambiwa: "Huu ni mvuke tu." Mvuke huo mara nyingi una nikotini, na ndani ya gari mtoto hana pa kuukwepa.

Sheria inasemaje?
Hapa Uingereza, katika England na Wales, tangu Oktoba 2015 ni kosa kuvuta sigara ya kawaida ndani ya gari lililofunikwa akiwemo mtu wa chini ya miaka 18. Kwa England, faini ni pauni 50. Katazo hilo haligusi sigara ya kielektroniki. Lakini moshi wake ukimziba dereva macho, au akihangaika na kifaa, polisi wanaweza kumshika kwa kuendesha bila uangalifu: faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Kesi ikifika mahakamani, adhabu inaweza kuwa kubwa zaidi.

Kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, ukiangalia kifaa kwa sekunde 2 gari limeshakwenda karibu mita 27.

Fanya hivi
- Mwombe dereva asimame mahali salama, ashuke, avutie mbali na watoto.
- Usiache kichupa cha nikotini kitini. Mtoto akikinywa ni sumu: piga 111 mara moja, akizidiwa, piga 999.