Piza ya makaa: punguza maji ya nyanya kwanza
Mkazi wa Bondeni, Nakuru, asiye na tanuri anaweza kuoka piza kwa jiko la makaa. Adui mkubwa ni maji ya nyanya: yasipopunguzwa, mkate hulowa chini, na jibini, ambayo bei yake si haba, hupotea bure.

Chagua nyanya ndefu zilizoiva, zenye nyama nyingi. Za kiangazi, kati ya Januari na Machi, aghalabu huwa tamu kuliko za masika. Zikate, ondoa mbegu, nyunyiza chumvi, kisha zichuje kwa nusu saa.

Donge likiisha kuumuka, litandaze katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Weka nyanya na jibini, ufunike. Makaa machache yawe chini, mengi juu ya kifuniko. Ukigeuza mpango huo, mkate utaungua kabla jibini haijayeyuka.