Je, Wajua? Kila Mtoto Ana Namba Uwanjani

Kengele ya kipindi cha michezo ikilia, kuna mtoto huambiwa abaki darasani kulinda mabegi ya wenzake kwa sababu haoni, hasikii au anatembelea magongo. Mwalimu na mzazi, yajue haya, kisha mtoe mtoto nje akacheze.

Je, wajua kwamba kucheza shuleni ni haki ya mtoto mwenye ulemavu, wala si hisani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unalisema hilo waziwazi katika ibara ya 30, na shule zimetajwa humo. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku? Mwongozo wake wa mwaka 2020 ulitoa kwa mara ya kwanza ushauri mahususi kwa wenye ulemavu. Kwa watoto, kiwango ni kilekile: dakika 60.

Je, wajua kwamba Paralimpiki ilianzia hospitalini? Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha waliokuwa wanajeshi 16, wanaume kwa wanawake, katika kulenga shabaha kwa upinde huko Stoke Mandeville, Uingereza. Walishindana wakiwa kwenye viti mwendo. Kufikia mwaka 1960 kule Roma, walikuwa wanamichezo 400 kutoka nchi 23.

Je, wajua kwamba viziwi waliwatangulia? Michezo yao ya kwanza ya kimataifa ilifanyika Paris mwaka 1924. Kwao filimbi haina kazi: mwamuzi wa soka hupunga bendera, na mbio huanzishwa kwa taa. Shuleni kitambaa chekundu kinatosha, ilimradi watoto wote wafundishwe maana yake.

Je, wajua kwamba katika goliboli kila mchezaji hufunikwa macho, hata anayeona kidogo? Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Kila timu ina wachezaji 3, mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25, na watazamaji hukaa kimya. Chini ya utepe wa mistari hupitishwa kamba, ili mchezaji aupapase mstari na kujua alipo. Shuleni, shona mpira wa matambara wenye njuga ndani, kisha wafunge vitambaa wanafunzi wote. Mtoto asiyeona atawafundisha wenzake kusikiliza.

Je, wajua kwamba katika soka la wasioona golikipa huruhusiwa kuona? Wengine wote hutegemea sauti: mpira una njuga ndani, na anayekwenda kumkaba mwenzake lazima aseme "voy!" ili asimgonge.

Je, wajua kwamba Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 Sydney mwaka 2000 huku akimvuta kiongozi wake aliyeishiwa nguvu? Mkimbiaji asiyeona na kiongozi wake huunganishwa kwa kamba fupi, na kiongozi haruhusiwi kutangulia kuvuka mstari wa mwisho.

Je, wajua kwamba bochia inaweza kuchezwa na mtoto asiyeweza kushika mpira? Kila upande una mipira 6, nao hushindana kuisogeza karibu na mpira mweupe. Mwenye mtindio wa ubongo ulio mkali huusukuma mpira wake kwa kijiti alichofungwa kichwani, nao huteremka kwenye mfereji maalumu. Shuleni, bomba la plastiki lililopasuliwa katikati linafanya kazi hiyo vizuri.

Je, wajua kwamba wavu wa voliboli ya kukaa huwa na kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake? Rwanda ilipeleka timu zake za mchezo huo Paralimpiki: wanaume London 2012, wanawake Rio 2016. Shuleni, funga kamba kati ya miti miwili na mketishe kila mtu chini.

Je, wajua kwamba ratiba peke yake inaweza kumtoa mtoto uwanjani? Mwenye ualbino huunguzwa na jua, na mara nyingi haoni mbali. Kipindi cha asubuhi na mapema, kofia pana, mikono mirefu na mpira wa rangi kali vinamrudisha mchezoni.

Je, wajua kwamba karibu kila mchezo unaweza kurekebishwa kwa kugusa mambo manne tu? Nafasi: punguza uwanja. Kazi: mpira udunde mara mbili, kama tenisi ya kiti mwendo inavyoruhusu. Vifaa: mpira mkubwa, laini au wenye sauti. Watu: panga upya makundi, umpe mtoto mwenza wa kukimbia naye.

Mwalimu, anza wiki hii na jambo moja kati ya hayo manne. La pili muulize mtoto mwenyewe, maana mwili wake anaujua kuliko sisi sote.