Nani Amwuguze Muuguzi?

Mwezi huu tuwatazame wale wanaotutazama sisi tukiugua: waganga, wauguzi na wahudumu wa wodini.

Ugonjwa wa Korona ulitangazwa kuingia nchini tarehe 16 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshuka siku moja kabla katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ndani ya wilaya ya Hai, si mbali na Kwa Sadala. Kuanzia Mei 2020 takwimu hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka, na watu wengi walisema tu "changamoto ya upumuaji". Wagonjwa waliendelea kufika hospitalini. Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kuwa ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki.

Mfikirie muuguzi wa siku zile. Anatoka zamu ya usiku, anashuka Kwa Sadala, na jirani aliyeona sare yake anasogea pembeni. Nyumbani anavua viatu nje na kuoga kabla ya kumshika mtoto. Sokoni anaulizwa, "Huko kwenu wamekufa wangapi?" Ananyamaza, kwani siri ya mgonjwa haitolewi. Mzigo huo anaubeba peke yake.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha. Lakini moyo wa mtu haufuati tangazo. Wapo ambao hadi leo wakisikia kikohozi usiku hushtuka.

Dalili za kuangalia

1. Kukosa usingizi, au kuota yale yale ya wodini.
2. Hasira za haraka kwa watoto na mwenzi wake.
3. Kutoona huruma tena kwa mgonjwa, na kujilaumu kwa hilo.
4. Kuanza kutafuta usingizi kwenye pombe.
5. Kusema kwamba ni heri afe.

Dalili nne za kwanza zikidumu wiki mbili au zaidi, asaidiwe. Hiyo ya tano haingoji: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Familia ifanye nini?

Msimwambie, "Wewe ni mganga, jitibu." Mpeni nafasi ya kulala baada ya zamu. Mpelekeeni mtori, mketi naye, mmsikilize bila kumdadisi habari za wagonjwa. Kwenda kwa padre ni jambo jema, lakini sala haizuii dawa. Sonona ni ugonjwa kama kisukari: una matibabu, na kuugua si dhambi wala si udhaifu wa imani.

Tukumbuke nabii Eliya. Alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale kwa ajili ya safari. Mungu alianza na mwili uliochoka.

Kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Tunapowaombea wagonjwa, tuwaombee na wauguzi wao. Na baada ya Misa, tumwulize yule wa jumuiya yetu: "Na wewe, umelalaje?" Kisha tungoje jibu lake.