Njia Ifuatwayo na Saratani ya Ngozi

Mwaka 1977 matabibu waligundua katika kidole cha mguu cha Bob Marley, mwimbaji mashuhuri wa Jamaika, saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Na tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, aliaga dunia mjini Miami, si kwa sababu ya kidole chenyewe, bali kwa kuwa maradhi yalikuwa yamekwisha kuhamia mapafuni na ubongoni. Huko kuhama ndiko aghalabu kuuako, maana uvimbe uliokaa pale ulipozaliwa waweza kukatwa ukaisha.

Je, chembe ya saratani itokayo mguuni huijuaje njia? Tabibu Mwingereza Stephen Paget, alipochunguza mwaka 1889 habari za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, alitambua kuwa maradhi hayo hayatawanyiki ovyo, bali huchagua viungo vya kuingia. Lakini sababu mojawapo kubwa ilidhihirika baada ya zaidi ya karne nzima, nayo ilikuwamo ndani ya kinga ya mwili yenyewe.

Mwili hutengeneza protini ndogo ziitwazo kemokaini, na kazi yake ni kuziita chembe nyeupe za damu ziende zinakohitajiwa. Mahali palipoumia hutoa kemokaini kwa wingi, zikapungua kadiri mtu aendavyo mbali napo, na chembe nyeupe, yenye vipokezi vya kuzihisi juu ya utando wake, huelekea penye wingi mithili ya sisimizi aifuataye harufu ya sukari: upande wa mbele nyuzi za protini iitwayo aktini hurefuka zikausukuma utando, na upande wa nyuma hujikunja na kujivuta.

Mwaka 2001 Anja Müller na wenzake walionyesha ya kwamba chembe za saratani ya matiti na za melanoma zina baadhi ya vipokezi hivyohivyo, hususan CXCR4 na CCR7, na kuwa melanoma ina pia kwa wingi kile cha CCR10, kiitikacho mwito utokao ngozini. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walizitia chembe za melanoma ya panya kipokezi cha CCR7, ambacho chembe nyeupe hukitumia kuingilia matezi ya limfu, kisha wakazidunga katika wayo wa panya. Zikaingia katika matezi ya mguu ule kwa wingi zaidi kuliko zile zisizotiwa kitu, na ilipozuiwa CCL21, protini iziitayo, safari hiyo ikakatika. Jaribio hilo, ijapokuwa ni la mnyama mdogo, kwangu lina uzito mkubwa, kwa kuwa linaonyesha mwito na mwitikio kwa pamoja.

Hata jua lina sehemu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walieleza kuwa ngozi ya panya ikiunguzwa na miale mikali, chembe nyeupe huijia kwa wingi, na protini ya uvimbe iitwayo TNF huzichochea chembe za melanoma kutambaa kandokando ya mishipa ya damu, hata zikafika mapafuni.

Wala haifai kudhani kuwa dawa ni kuzinyamazisha protini zote hizi, kwani baadhi yake ndizo ziwaitazo askari wa kuiangamiza saratani. Na matibabu yaliyowapatia James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018 yamejengwa juu ya kuiachia kinga, wala si juu ya kuifunga.

Kwa watu weusi melanoma hupenda kutokea wayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali pasipopigwa sana na jua. Basi, msomaji, zikague nyayo zako na za wazee wako, na ukiona doa jeusi linalokua, linalobadilika au kutoka damu, au mstari mweusi unaopanuka katika ukucha, mwendee tabibu upesi, usingoje mitoki ivimbe kinenani.