Haidromita na Pombe ya Mtama ya Gairo

Katika nchi ya Gairo, pale barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma inapopita ubavuni mwa milima ya Ukaguru, elimu ya kuotesha mtama, kuuanika hata ukawa kimea, kuupika na kuuacha uchachuke, ilikuwako kabla hakijaonekana huko chombo chochote cha kioo. Na mtu akiingia na chombo chake katika ua wa mama aliyeirithi elimu hiyo kwa mama yake, yampasa kwanza ajue chombo hicho kinajibu swali gani, na swali gani hakikuulizwa.

Chombo chenyewe ni haidromita: bomba jembamba la kioo lililozibwa, tumbo lake limetiwa uzito ili lisimame wima majini, na shingo yake ndefu ina karatasi ya tarakimu ndani. Katika maji safi huzama hata kwenye alama ya 1.000, katika togwa iliyochujwa, ambayo sukari yake imeifanya nzito kuliko maji, huinuka ikasoma 1.040 au zaidi. Na hamira ikiisha kuila sukari ile na kuigeuza kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, huzama tena. Kipimo cha pili hutolewa katika kile cha kwanza, na tofauti yao ikizidishwa kwa 131.25 huwa ndiyo asilimia ya kileo, kwa kukadiria. Maarifa haya ni ya kale: Al-Khazini wa Marw, katika kitabu chake Mizan al-Hikma cha mwaka 1121, alikieleza chombo cha namna hii akakinasibisha na Pappus wa Iskandaria, na wapikaji wa pombe wa Uingereza hawakukishika mpaka karne ya 18.

Mara ya kwanza nilipokitumia Gairo nilikosea, na taksiri ilikuwa yangu, si ya chombo. Mama mwenyeji alinitekea kata moja ya maji ya kimea yangali na uvuguvugu, nami nikasoma 1.036, nikamwambia kwamba kimea chake kimetoa sukari haba. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema, “Mwanangu, utamu umo. Ngoja yapoe.” Yakapoa; nikasoma 1.042. Maana kila kimiminika kikipata moto hutanuka na kuwa chepesi, na haidromita nyingi za leo zimepimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 20 za Sentigredi, ilhali maji yale yalikuwa na nyuzi 40, joto linalopunguza kipimo kwa 0.006 hivi. Kwa nyuzi 30 upungufu ni 0.002 au 0.003, na mtu aweza kuuongeza kwa hisabu. Lakini kuliko kuhesabu, ni heri kusubiri, kwani kikombe kimoja kikiwekwa ndani ya bakuli la maji baridi hakichukui muda mrefu. Kipimajoto basi ni ndugu wa haidromita, wala asiyekuwa nacho asiseme amepima.

Siku ya tatu pombe ilikuwa ikitokota yenyewe bila moto, nasi tukachota tena. Chombo kilisimama kwenye 1.020. Walakini nilipoinama hata jicho langu likawa sawa na uso wa pombe, niliona vipovu vidogo, kama punje za ulezi, vimeng’ang’ania shingo na tumbo la kioo, na kila kimoja kilikuwa kikikiinua chombo kwa nguvu yake ndogo, kama vibuyu vinavyomwelesha mtu asiyejua kuogelea. Tukaimimina pombe ile kutoka kikombe hata kikombe, mara kumi au kumi na tano, mpaka hewa yake ikatoka. Tukaitia haidromita tena na kuizungusha kwa vidole ili ipukuse vipovu vilivyosalia. Ikasoma 1.016. Kwa vipimo viwili vya haraka pombe ile ingehesabiwa kuwa na kileo cha asilimia 2.1, kwa vipimo viwili vya subira ilikuwa na asilimia 3.4. Ni pombe ileile, na anayeinywa ana haki ya kuijua ile ya pili.

Shida iliyo kubwa katika pombe ya nafaka, ambayo vitabu vya wapikaji wa Ulaya haviitaji kwa kuwa pombe yao huwa angavu, ni machicha. Unga unaoelea huongeza uzito, hukizuia chombo kisicheze, na huuficha mchirizi wa chini ambapo jicho hutakiwa kusoma, kwa sababu kimiminika hupanda kidogo kwenye shingo ya kioo. Chuja kwa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, kilekile siku ya kwanza na siku ya mwisho, kisha uache kikombe kitulie. Ikiwa bado hakuonekani chini, soma ukingo wa juu na uongeze tofauti uliyoiona katika maji safi, ambayo aghalabu ni 0.001 hivi. Hata hivyo, pombe nzito huendelea kugeuza wanga wake kuwa sukari wakati hamira inakula, hivyo kileo chake halisi huzidi kidogo kile cha hisabu.

Jambo la mwisho ni kukijaribu chombo chenyewe, maana karatasi ya ndani huweza kuteleza usijue. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa jaribio hili, kwani nayo ni mazito. Ya mvua yafaa, yakiwa na nyuzi 20. Mama yule aliniletea kikombe cha maji ya mvua kabla sijamwomba, akatazama chombo kikitulia kwenye 1.000, kisha akachukua kipande cha mkaa na kuandika ukutani mwa jiko, mstari mmoja: tarehe, joto, 1.042, na chini yake akaacha nafasi ya kipimo kingine.