Kipimo Kimetoka Safi, Mtoto Bado Anaanguka

Tangu nianze rotesheni ya wodi ya watoto, swali ninaloulizwa sana hosteli ni hili: "Si wampige tu picha ya ubongo wajue kama ni kifafa?" Jamani, ingekuwa rahisi hivyo!

Picha, yaani CT na MRI, zinaonyesha umbo la ubongo: uvimbe, kovu la jeraha la wakati wa kuzaliwa, au lava wa tegu wa nguruwe waliokwama huko kichwani. Lakini kifafa chenyewe ni hitilafu ya umeme, na watoto wengi wenye kifafa wana MRI nzuri kabisa. Huwezi kupiga picha redio ukajua inakwaruza.

Umeme unasomwa na EEG. Mjerumani Hans Berger ndiye wa kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1924, akachapisha matokeo 1929. Hadi leo mtoto hubandikwa elektrodi kama 20 hivi kichwani. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto anapigwa shoti. Hapana, mashine inasikiliza tu, tena umeme wenyewe ni wa sehemu za milioni za volti, ndiyo maana nywele zifumuliwe na zisipakwe mafuta. Kisha mtoto anaambiwa apumue kwa nguvu kama dakika 3, anamulikwa taa inayowakawaka, na ikiwezekana alale kidogo.

Kuna aina moja ambayo EEG huipatia kweli kweli. Mtoto anaduwaa sekunde 10 hivi katikati ya sentensi, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Darasani ataitwa mzembe, pengine achapwe. Mpe zoezi la kupumua, na mara nyingi mawimbi yenye ncha yanatokea pande zote mbili za ubongo, 3 kila sekunde.

Kwa aina nyingine, mh! Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 hadi 30, na ubongo ukitulia muda huo, karatasi inatoka safi. Karibu nusu ya wenye kifafa, EEG ya kwanza haionyeshi kitu. Na wapo watoto wazima wenye mawimbi ya ajabu ambao hawajawahi kuanguka hata siku moja; ukitibu karatasi, utamnywesha dawa mtoto asiye mgonjwa. (Degedege la homa ni habari nyingine.)

Kwa hiyo daktari huanza na aliyeshuhudia. Kliniki alikuja mama mwenye bahasha ya CT iliyosomwa "safi". Nyumbani wakaamua kwamba kama hospitali haioni kitu, basi si ugonjwa wa hospitali, dawa zikaachwa. Mtoto akaangukia jiko la mkaa, akaungua mkono. Daktari wetu hakuagiza kipimo kingine siku ile. Alirudisha dawa, akamwambia mama: akianguka tena mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mwenye simu arekodi mwili mzima, macho yaonekane, muda uhesabiwe, ikizidi dakika 5, mkimbizeni hospitali.

Video ililetwa na kaka wa mtoto. Tuliitazama mara tatu. Mkono wa kushoto ndio ulioanza kutikisika, na MRI ikaombwa, safari hii kuchunguza upande wa kulia wa ubongo.